Msisubiri mashine: barua ya wazi kwa wanaoshika fedha za utafiti Afrika Mashariki

Waheshimiwa mawaziri mnaosimamia elimu ya juu na sayansi, wakurugenzi wa tume na mabaraza ya utafiti, makamu wakuu wa vyuo vikuu vya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi,

Nawaandikia kama mtoto wenu aliye ugenini. Kazi yangu ni nadharia ya usahihishaji wa makosa katika kompyuta za kwanta, yaani kompyuta zinazokokotoa kwa kutumia tabia za ajabu za chembe ndogo kabisa. Naifanyia Uholanzi, ingawa sehemu kubwa ya kazi hii ingeweza kufanyika Dodoma, Eldoret au Mbarara leo hii, kwa vifaa ambavyo vyuo vyenu tayari vinavyo. Kinachokosekana ni ajira yenye muda wa kutosha, pamoja na fomu ya ruzuku inayotambua kwamba ipo sayansi isiyohitaji maabara.

Kila ninapoligusia jambo hili kwa kiongozi wa nyumbani, najibiwa kwamba kompyuta za kwanta ni za mataifa tajiri, tusubiri kwanza zishuke bei. Kwa fani nyingine huenda jibu hilo lina hoja. Kwa fani yangu halina, na nitawaonyesha kwa nini.

Kyubiti, yaani kipande kidogo kabisa cha taarifa ndani ya kompyuta ya kwanta, huharibika upesi mno. Joto kidogo, mawimbi ya umeme kutoka kwa jirani yake, hata ile amri yenyewe ya kuibadilisha, vyote huweza kuiachia kosa. Mashine nzuri za leo hukosea takriban mara moja katika kila operesheni mia chache hadi elfu moja, ilhali hesabu yenye manufaa huhitaji operesheni mamilioni, na nyingine mabilioni. Kwa kompyuta za kawaida dawa ilipatikana zamani: Richard Hamming alichapisha msimbo wake mwaka 1950, na maana yake ni kwamba unaongeza biti (yaani sifuri na moja) za ukaguzi, unazilinganisha, kisha unarekebisha palipoharibika. Kwa kyubiti njia hiyo imezibwa pande mbili. Mwaka 1982 wanafizikia Wootters na Zurek, na Dieks kwa njia yake, walithibitisha kwamba hali ya kwanta usiyoijua haiwezi kunakiliwa. Tena ukiichungulia kyubiti ili kujua kama imekosea, kule kuichungulia kunaiharibu.

Wengi waliamini hadithi imeishia hapo. Mwaka 1995 Peter Shor, aliyekuwa Bell Labs nchini Marekani, alionyesha kwamba kyubiti moja ikifichwa ndani ya kyubiti tisa inaweza kulindwa. Mwaka uliofuata Andrew Steane wa Oxford akafanya hivyo kwa kyubiti saba. Siri ni kuuliza swali linalohusu kundi bila kumuuliza yeyote peke yake. Wakala wa M-Pesa hufanya jambo la jinsi hiyo kila jioni: hujumlisha fedha taslimu na floti, na jumla isipolingana na mtaji wake hujua kwamba kuna kosa lililoingia, bila jumla hiyo kumwambia mteja gani alitoa au aliweka kiasi gani.

Sasa nawaomba mchukue kalamu, kwa sababu nataka muione kazi yenyewe ilivyo. Chora vituo saba uvipe namba, 1 hadi 7. Ukaguzi wa kwanza unagusa vituo vya 4, 5, 6 na 7. Wa pili unagusa 2, 3, 6 na 7. Wa tatu unagusa 1, 3, 5 na 7. Kila ukaguzi unauliza jambo moja tu: je, idadi ya makosa ndani ya vituo vyangu vinne ni shufwa au witiri? Tuseme kituo cha 5 kimepata kosa. Ukaguzi wa kwanza unajibu witiri, wa pili shufwa, wa tatu witiri. Andika 1 kwa witiri na 0 kwa shufwa, utapata 1, 0, 1, ambayo ni namba 5 ikiandikwa kwa sifuri na moja. Msimbo umekutajia wenyewe kituo kilichoharibika, na haujakuambia lolote kuhusu taarifa iliyohifadhiwa. Jaribu kituo chochote kingine uone.

Huo ndio msimbo wa Steane, au tuseme nusu yake. Kyubiti hukosea kwa namna mbili, kwa hiyo kunahitajika seti mbili za kaguzi, na seti hizo zisivurugane. Sharti lake ni kwamba kila ukaguzi wa seti moja ushirikiane na kila ukaguzi wa seti nyingine kwa idadi ya vituo iliyo shufwa. Rudini kwenye mchoro: ukaguzi wa kwanza na wa pili wanakutana kwenye 6 na 7. Wa kwanza na wa tatu kwenye 5 na 7. Wa pili na wa tatu kwenye 3 na 7. Kila mara viwili. Ukaguzi ukikutanishwa na pacha wake wa seti ya pili, ni vinne. Kila kitu ni shufwa, kwa hiyo unaweza kuzitumia kaguzi zile zile tatu kwa makosa ya aina zote mbili. Mwanafunzi wa kidato cha sita anaweza kulihakiki jambo hili kabla kengele ya mapumziko haijalia, nami bado nafurahia kila ninaporudi kuliangalia.

Siku yangu ya kazi ni mchoro huo uliopanuliwa: jedwali la sifuri na moja lenye mamia ya safu, ambalo kila safu lazima ikutane na nyingine kwa shufwa, na makosa machache yasiweze kujificha yakaonekana kama taarifa halali. Halafu lipo swali la kisimbuzi, yaani ile programu inayosoma majibu ya kaguzi na kuamua kosa liko wapi. Kwenye kompyuta za kwanta zilizojengwa kwa sakiti za umeme zilizopoozwa mno, duru moja ya kaguzi huchukua takriban sekunde moja ya milioni. Kisimbuzi kikizidiwa na kasi hiyo majibu yanarundikana, na mashine nzima inabaki ikikisubiri. Kubuni kisimbuzi chenye kasi na makini ni kazi ya hesabu na programu, kazi ambayo vijana wetu wanaoandika programu za simu usiku na mchana wana vidole vyake tayari.

Naomba mkuu yeyote mwenye saini asiipite aya hii. Ukitaka kujua kama msimbo wako ni mzuri, huhitaji kompyuta ya kwanta kuujaribu. Nadharia iliyothibitishwa na Gottesman na Knill miaka ya 1990 inasema kwamba aina ya operesheni zinazotumika katika kaguzi hizi zinaweza kuigizwa kwenye kompyuta ya kawaida bila taabu. Mwaka 2021 Craig Gidney alitoa programu iitwayo Stim, ya bure, iliyo wazi kwa kila mtu, inayoiga sakiti zenye maelfu ya kyubiti. Inakaa kwenye kompyuta mpakato ya kawaida, ile ile ambayo mhadhiri wenu anaandikia mitihani. Makala karibu zote za fani zimo arXiv, hifadhi iliyoanza mwaka 1991 ambayo haidai senti kwa msomaji. Sijui fani nyingine iliyo mstari wa mbele kabisa wa fizikia ambayo mtafiti wake anaweza kushindana na dunia akiwa na umeme, intaneti na ubao.

Tazameni basi jinsi nadharia ilivyotangulia mashine. Mwaka 1996 Haroche na Raimond, wanafizikia wakubwa wa Ufaransa, waliandika katika jarida la Physics Today wakitilia shaka kama kompyuta hizi zingewahi kufanya kazi kwa kiwango kikubwa. Hawakuwa wababaishaji, maana Haroche alipata Nobeli mwaka 2012. Wakati huo huo wananadharia wachache walikuwa wakithibitisha kwamba kipo kizingiti: kosa la kila operesheni likishuka chini ya kiwango fulani, basi kadiri unavyoongeza kyubiti ndivyo taarifa inavyozidi kuwa salama. Mwaka 1997 Alexei Kitaev, akiwa katika Taasisi ya Landau nchini Urusi, alitoa msimbo unaopanga kaguzi juu ya gridi, kila ukaguzi ukigusa jirani zake tu. Hiyo ilikuwa Urusi ya miaka ya 1990, nchi iliyoyumba kiuchumi, ambako mishahara ya wanasayansi ilikuwa midogo na ilichelewa. Hakukuwa na mashine popote duniani ambayo ingeweza kuujaribu msimbo huo ipasavyo.

Desemba 2024 watafiti wa Google walichapisha matokeo ya chipu yao ya Willow. Walijenga gridi za ukubwa wa 3, 5 na 7, na kila hatua kosa lilipungua kwa zaidi ya nusu. Gridi kubwa ilitumia kyubiti 101. Ilikuwa ahadi ya kizingiti ikitimia mbele ya macho yetu, juu ya msimbo uliotokana moja kwa moja na ule wa Kitaev, miaka 27 baadaye. Nilisoma grafu zile nikiwa nimesimama. Nawaza mfuko wa utafiti uliomdai Kitaev matokeo ya kupimika ndani ya miezi kumi na minane ungepata nini.

Na nadharia haikuishia kutangulia, inaendelea kushusha bei ya mashine ambazo bado hazijajengwa. Mwaka 2019 Gidney na Ekerå walikadiria kwamba kuvunja ufunguo wa RSA wa biti 2048, wa aina inayolinda sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti, kungehitaji kyubiti milioni 20 kwa saa 8. Mei 2025 Gidney akatoa kadirio jipya: chini ya milioni moja, kwa muda usiofika wiki. Dhana kuhusu ubora wa mashine ni zile zile. Hesabu ndiyo iliyobadilika. Vivyo hivyo mwaka 2024 watafiti wa IBM walionyesha msimbo unaohifadhi kyubiti 12 salama ndani ya kyubiti 288, kazi ambayo gridi ya kawaida ingeifanya kwa karibu 3,000. Hayo ni matunda ya watu waliokaa na jedwali la sifuri na moja mpaka likakubali.

Niliwahi kuomba ruzuku katika mfuko mmoja wa ukanda wetu, pamoja na wenzangu wawili waliobaki nyumbani. Tulitaka kulipia muda wa wanafunzi wawili wa uzamivu, semina na nauli. Fomu ilikuwa na sehemu ya lazima ya orodha ya vifaa, na mfumo ulikataa kuendelea mpaka sehemu hiyo ijazwe. Tulijaza kompyuta mpakato mbili. Maoni ya wakaguzi yaliporudi yaliuliza maabara iko wapi, mkulima atanufaika vipi ndani ya mwaka wa kwanza, na kwa nini bajeti ni ndogo hivyo. Mkulima ana haki ya kuulizwa habari zake, hilo silipingi hata kidogo. Ila bajeti ndogo kugeuzwa ushahidi wa kutokuwa makini, hapo nilishindwa kuelewa, na nadhani na ninyi mkikaa kitako mtashindwa.

Lingine ni kanuni za kupanda cheo. Katika nadharia, kama ilivyo katika hesabu, makala nyingi hupanga majina ya waandishi kwa alfabeti. Mwenzangu ambaye jina lake linaanza na herufi za mwisho amekuwa akihesabiwa alama pungufu chuoni kwake, kwa kuwa kanuni inampa mwandishi wa kwanza sehemu kubwa ya alama, hata pale ambapo uthibitisho wote wa katikati ya makala ni wa mkono wake. Hili halihitaji fedha. Linahitaji kikao kimoja cha seneti. Na wakati mnakaa, tazameni pia mzigo wa kufundisha: mhadhiri mwenye madarasa ya mamia ya wanafunzi na mitihani ya kusahihisha hadi usiku hawezi kukaa na tatizo moja kwa wiki mfululizo, na tatizo la nadharia halikubali kukatwakatwa vipande.

Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistani, alilijua jambo hili vizuri. Alirudi Lahore mwaka 1951 na shahada yake ya Cambridge, akafundisha, na akajikuta peke yake, bila mtu wa kujadiliana naye fizikia aliyoijua. Mwaka 1954 akaondoka. Baadaye alisema wazi kwamba hakutaka wengine walazimike kuchagua kati ya nchi yao na sayansi yao, na mwaka 1964 akaanzisha Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia mjini Trieste, Italia, ili mtafiti wa nchi maskini aende, apate wenzake, arudi kwao. Tawi lake la Afrika Mashariki liko Kigali, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, tangu 2018. Mji huo huo una Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hesabu, AIMS. Kwa hiyo nyumba ipo na mlango uko wazi. Vijana wanaingia, wanapata shahada nzuri, kisha wanatazama nyuma na kukuta hakuna nafasi hata moja ya miaka mitatu inayowasubiri Morogoro wala Kisumu. Wanakuja huku tuliko. Nawapokea kwa furaha, na kila mmoja ninayempokea ananiuma.

Mtaniuliza nchi itapata nini. Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vya kwanza vya usimbaji fiche unaokusudiwa kuhimili kompyuta za kwanta. Benki zetu, kampuni za simu, mifumo ya vitambulisho vya taifa na mafaili ya hospitali vyote vitalazimika kuhama, na kuhama huko ni kazi ya miaka. Taarifa zinazonaswa leo zinaweza kuhifadhiwa na kufunguliwa baadaye. Wauzaji watakuja ofisini kwenu, wengine wameshafika, na watawaambia kwamba mashine yenye kyubiti elfu moja imeshajengwa, hivyo hatari iko mlangoni, saini hapa. Nani katika wizara atauliza kama hizo ni kyubiti ghafi au kyubiti zilizokwisha kulindwa na msimbo? Kati ya mbili hizo kuna tofauti ya makumi hadi mamia ya mara. Nani atauliza kiwango cha kosa kwa kila duru, au kisimbuzi kinachotumika? Mtu wa kuyauliza maswali hayo hapatikani kwa semina ya siku mbili hotelini. Ni yule aliyekaa miaka na misimbo hii, na ndiye huyo huyo ambaye fomu yenu imemkataa kwa kukosa maabara.

Fedha tulishaahidiana. Viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana Khartoum mwaka 2006 kwamba kila nchi itenge asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Sheria ya Kenya ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 inautengea Mfuko wa Taifa wa Utafiti asilimia 2 ya pato la taifa, kiasi ambacho Mfuko huo haujawahi kukiona. Sidai asilimia hizo zote zije kwenye kwanta, ingekuwa upuuzi wakati kuna malaria na kuna mazao yanayokufa kwa ukame. Ninachoomba ni kidogo sana kiasi kwamba katika kitabu cha bajeti hakitajaza mstari mmoja.

Kila nchi iajiri wananadharia wachache wa fani hii, kwa mikataba ya miaka mitano, katika vyuo ambavyo tayari vina idara za fizikia na hesabu. Wasipewe maabara. Wapewe mshahara unaofika kwa wakati, umeme usiokatika, intaneti, nusu ya mzigo wa kawaida wa kufundisha, na nauli ya kukutana Kigali kila mwaka ili asiwepo mmoja aliye peke yake kama Salam alivyokuwa Lahore. Maombi yao yakaguliwe na watu wa fani, na watu hao wapo: tuko wa kutosha Ulaya, Marekani na Afrika Kusini tutakaosoma maombi hayo bila kudai malipo, mimi nikiwa wa kwanza. Kipengele cha vifaa kwenye fomu kiwe cha hiari. Kanuni za vyeo zitambue mpangilio wa alfabeti. Na tathmini ya kwanza ya kazi yao ifanyike mwaka wa tatu, si mwaka wa kwanza.

Bajeti zetu husomwa Juni, na makadirio huandaliwa miezi kadhaa kabla. Naomba wizara moja tu kati ya zenu, yoyote ile, ilitume pendekezo hili kwa baraza lake la utafiti kabla makadirio hayajafungwa, na imtaje ofisa atakayelishughulikia. Rasimu ya tangazo la ajira na mtaala wa mwaka mmoja wa misimbo ya kwanta kwa wanafunzi wa uzamili ninazo tayari, zote kwa mtu atakayezihitaji. Likizo yangu ijayo nitakuwa Dar es Salaam, na niko tayari kupanda basi kwenda popote nitakapoitwa kuzieleza.

Kwa heshima kubwa,

Mwananadharia wa usahihishaji wa makosa ya kwanta,
Uholanzi